MP4 ya GB 64 inayogoma baada ya nyimbo 780

*"Assalaam alaykum mtaalamu. Nilimnunulia mama, ninayeishi naye Chake Chake, MP4 ndogo ya kusikilizia kwa shilingi 35,000. Kwenye boksi imeandikwa GB 64, na hata kompyuta inasoma hivyo. Niliijaza taarab kama 2,400, nyingi za dakika kumi hivi. Nyimbo 780 za mwanzo zinapiga vizuri, lakini zinazofuata majina yanaonekana tu: zikifikiwa zinarukwa au zinatoa mkwaruzo. Nimesaka virusi, nimefomati mara tatu, hali ni ileile. Nilipoweka Qur'ani, baada ya Al-Fatiha ikaja Yunus, kisha Al-Adiyat, na mama hakupendezwa. Video nilizopakua kwa simu hazifunguki. Tena siku hizi chaji haikai, na mfuniko wa nyuma umetuna kidogo. Je, nizigeuze nyimbo ziwe za kilobiti 320 ili zitoke safi? Au nitafute iPod iliyotumika? Mama anatumia visikizio vya masikioni, na anasema sauti ni ndogo hata akifungulia mpaka mwisho."*

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Umeuliza mengi na yote yana majibu, lakini nitaanza na lile ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba mfuniko wa nyuma umetuna. Kuanzia leo usiichaji tena MP4 hiyo, na mama asilale nayo chini ya mto. Ndani yake mna betri ya lithiamu iliyofungwa katika mfuko laini wenye utando wa alumini, si kopo gumu kama betri za tochi. Betri ya namna hiyo ikichakaa, ikikaa juani au ikichajiwa kupita kiasi, kimiminika kilichomo huvunjikavunjika kikemia na kutoa gesi, na kwa kuwa gesi haina pa kutokea, mfuko huvimba na kuusukuma mfuniko. Hatari yenyewe huja pale mtu anapoibonyeza ili mfuniko urudi mahali pake, au anapoitoboa kwa sindano "itoe upepo", kwa maana tabaka za ndani zikigusana hupata joto la ghafla na kuwaka moto. Iweke kwenye sakafu ya saruji au ya vigae, mbali na godoro na mapazia, kisha mpelekee fundi wa simu mwenye uzoefu. Betri iliyotolewa isitupwe jaani wala jikoni.

Fundi akikubali kuibadilisha, mwombe akuonyeshe tarakimu zilizochapwa juu ya betri ya zamani. Ikiwa ni 402030, maana yake ni unene wa milimita 4.0, upana wa milimita 20 na urefu wa milimita 30, nayo mpya isizidi vipimo hivyo, iwe na kile kibao kidogo cha ulinzi kinachokata umeme betri ikijaa, na nyaya zake nyekundu na nyeusi ziunganishwe pale pale zilipokuwa zile za mwanzo. Hata hivyo, kabla hujalipia betri soma yanayofuata, kwa sababu huenda usiitake tena MP4 yenyewe.

Umeshuku virusi, na nadhani pia umezishuku nyimbo. Sioni kosa katika kimoja wala kingine. Virusi havina sababu ya kuziacha salama nyimbo 780 za mwanzo na kuziharibu zote zilizofuata kwa mpangilio, na kufomati kungeviondoa. Nyimbo nazo ni nzima, maana bila shaka zinapiga kwenye kompyuta ulikozitoa. Mwelekeo wa tatizo uko kwenye takwimu ulizonipa mwenyewe, nami naomba tuzipigie hesabu. MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde (wingi wa data unaobeba kila sekunde ya sauti) hula takriban MB 0.96 kwa dakika, kwa hiyo taarab ya dakika kumi ni MB 9.6. Zidisha kwa 780, utapata MB 7,488, yaani GB saba na nusu. Mahali nyimbo zako zinapoanza kugoma ni pale hasa ambapo kifaa cha GB 8, kilichokwisha kutumia nafasi kidogo kwa programu zake chenyewe, kingekuwa kimejaa. Kwa maoni yangu umeuziwa GB 8 iliyoandikwa 64.

Utauliza: kama ni 8, mbona kompyuta inasoma 64? Kompyuta haipimi, inauliza na kujibiwa. Ndani ya kifaa mna chipu ya kumbukumbu inayoshika data, na pembeni yake mna kidhibiti, ambacho ndicho kinachozungumza na kompyuta kwa niaba ya ile chipu. Kompyuta ikiuliza ukubwa, kidhibiti hujibu kama kilivyopangiwa na aliyekitia programu, na mwenye nia mbaya hukipangia kijibu uongo. Ifikirie nyumba ya wageni yenye vyumba vinane na daftari la mapokezi lenye mistari 64. Mgeni wa tisa akifika, mpokezi anaandika jina lake, anamwambia karibu, na hata namba ya chumba anampa. Ukilisoma daftari utaona wageni wote wamelala hapo, ila ukienda kugonga chumba namba 9 utakuta ukuta.

Daftari hilo kwenye kifaa chako ni jedwali la faili, ambalo huandikwa mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu, katika sehemu iliyo ya kweli. Ndiyo maana majina yote 2,400 unayaona, na ukubwa wa kila wimbo unauona, lakini sauti yenyewe haikuandikwa popote. Vifaa vya namna hii havidanganyi kwa njia moja tu. Vingine huitupa data inayozidi, kama inavyoelekea kuwa hali yako, na vingine huzunguka na kuiandika juu ya ile ya mwanzo, hivyo siku ukivuka GB 8 hata zile nyimbo nzima hupotea, na mara nyingine jedwali lenyewe likafutika, kifaa kikabaki kudai kufomatiwa. Kufomati hakusaidii katika hali zote mbili, kwani ni sawa na kununua daftari jipya la mapokezi bila kuongeza vyumba.

Naomba usichanganye udanganyifu huu na upungufu wa halali. Kifaa cha kweli cha GB 64 husomeka kwenye Windows kama GB 59.6, kwa sababu kiwanda huhesabu gigabaiti kwa bilioni moja kamili, ilhali Windows huigawa kwa 1,073,741,824. Hapo hakuna aliyeibiwa. Vilevile zipo MP4 ambazo programu yake ina kikomo cha idadi ya nyimbo inazoweza kuorodhesha. Lakini kama kikomo ndicho kingekuwa tatizo, nyimbo za ziada zisingeonekana kabisa kwenye orodha ya kifaa, na ungezichomeka kwenye kompyuta zingepiga bila shida. Zako zinaonekana na hazipigi, jambo ambalo ni kinyume chake.

Hesabu yangu ni dalili tu, na uthibitisho unaweza kuupata mwenyewe. Kwa Windows iko programu ya bure iitwayo H2testw, na kwa Linux au Mac iko F3. Zote mbili hufanya jambo moja lililo rahisi: hukijaza kifaa data ya majaribio mpaka mwisho, kisha huisoma upya na kulinganisha. Kisichosomeka sawasawa hakikuwapo. Toa kila kitu kwanza, na ujipe muda, kwa maana MP4 inayoandika MB 5 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa tatu na nusu kuijaza GB 64, ukiacha muda wa kusoma. Usilifanye jaribio hilo kabla betri iliyovimba haijaondolewa, kwa sababu kifaa kikichomekwa kwenye kompyuta kinachajiwa pia. Wala usijaribu kwa kunakili wimbo na kuupiga hapo hapo, kwani kompyuta huweza kukupigia nakala iliyomo kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Kichomoe, kichomeke tena, ndipo uusikilize.

Ikithibitika, dawa ya kwanza ni kuirudisha dukani pamoja na picha ya matokeo. Muuzaji mwenyewe mara nyingi naye kauziwa hivyo hivyo kwa jumla, kwa hiyo mwendee kwa upole kabla ya kumwita tapeli. Ikishindikana, angalia kama ina tundu la memori kadi. Nyimbo zako zote 2,400 ni GB 23 hivi, nazo zitaingia kwenye kadi halisi ya GB 32 na nafasi ikabaki. Nakushauri ukubwa huo makusudi. Kadi za hadi GB 32 hufomatiwa kwa mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, ambao karibu kila kifaa kidogo kinauelewa, na zinazozidi hapo huja na mfumo wa exFAT ambao MP4 nyingi za bei nafuu haziusomi. Kadi nazo hughushiwa vivyo hivyo, tena zaidi. Kuijaribu GB 32 kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde ni karibu saa nzima ya kuandika peke yake, na dukani hutaweza kusubiri. Patana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikishindwa jaribio utairudisha kesho yake. Anayekataa sharti hilo amekwisha kukujibu.

Sasa Qur'ani, ambayo nadhani ndiyo iliyomuudhi mama kuliko taarab. Faili zako bila shaka zina majina kama 1, 2, 3 hadi 114. Kifaa kinachopanga kwa majina hakioni namba, kinaona herufi, na katika mpangilio wa herufi kila kinachoanza na 1 hutangulia 2. Basi inafuata 1, kisha 10, kisha 100: Al-Fatiha, Yunus, Al-Adiyat, sawasawa na ulivyoeleza. Andika kila jina kwa tarakimu tatu, 001, 002, 003 mpaka 114, na Al-Baqara itarudi mahali pake. Huna haja ya kubadilisha majina hayo kwa mkono, kwani zipo programu nyingi za kompyuta zinazofanya kazi hiyo kwa mara moja. Juzuu 30 zinatosha tarakimu mbili.

Lakini jihadhari na jambo moja ambalo huwachosha watu wengi. Baadhi ya MP4, na hasa zile spika zenye tundu la kadi, hazipangi kwa majina hata kidogo: hupiga kwa kufuata zamu ambayo faili ziliandikwa kwenye jedwali, ya kwanza kuandikwa ndiyo ya kwanza kupigwa. Kwenye kifaa cha aina hiyo unaweza kubadilisha majina mpaka usiku wa manane na isisaidie. Hapo futa folda, nakili upya faili kwa zamu uitakayo, au tumia FatSorter, programu ndogo ya bure inayolipanga upya jedwali bila kuzigusa sauti. Kwa usomaji na mawaidha, ambavyo ni sauti ya mtu mmoja bila ala, kilobiti 64 kwa sauti ya upande mmoja (mono) zinatosha kabisa. Usomaji wa saa 30 utaingia ndani ya MB 900.

Kuhusu video, jina la MP4 limewapotosha wengi, na sikulaumu. MP4 ya kweli ni aina ya faili, lile "sanduku" ambamo simu yako huweka picha na sauti. Wauzaji walilichukua jina hilo wakalibandika kwenye vifaa ili vionekane vimepiga hatua mbele ya MP3, bila kujali kama vinaweza kuzisoma faili za MP4 zenyewe. Vingi vya bei hiyo husoma video za AMV tu, mtindo mwepesi uliobuniwa kwa chipu dhaifu, kwenye picha ya nukta 160 kwa 120. Hizo ni nukta 19,200. Video ya simu ya 1280 kwa 720 ina nukta 921,600, mara 48 zaidi, tena imebanwa kwa hesabu ngumu ambayo chipu hiyo haijaumbwa kuifumbua. Ziko programu za kuzigeuza kuwa AMV, na zitafanya kazi. Ila kwa macho ya mama, kumtazama mwimbaji aliyepunguzwa akawa mdogo kama punje ya mchele naona ni kumtesa. Video ziache kwenye simu.

Nyimbo usizigeuze kuwa za kilobiti 320. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio haliwezi kuzitambua kwa urahisi, kwa mfano mlio hafifu uliofunikwa na mlio mkubwa wa karibu yake, na kilichotupwa hakirudi. Kuugeuza wimbo wa 128 uwe wa 320 ni kuihamisha chai ya kikombe kwenye jagi: chombo kimekuwa kikubwa, chai ni ileile, na kila dakika sasa inakula MB 2.4 badala ya moja kasoro. Mbaya zaidi, kila ugeuzaji hutupa kidogo tena. Ukitaka 320 yenye maana, anza na CD au faili isiyobanwa. Katika taarab utautambua upungufu kwanza kwenye ganuni na fidla, ambazo zikibanwa sana hutoa mchirizo kama maji yanayodondokea kikaangoni. Mivumo mingine lakini ni ya kanda yenyewe, wimbo ulipohamishwa kutoka kaseti, na hiyo hakuna kilobiti itakayoifuta. (Nakumbuka kwamba MPMan, kifaa cha kwanza cha MP3 cha mfukoni kuingia sokoni, mwaka 1998, kilikuwa na MB 32. Kwa taarab za mama zingekuwa nyimbo tatu, na ya nne ikakatika kabla ya kiitikio.)

iPod iliyotumika sikupendekezei, ingawa nazipenda mwenyewe. iPod Classic, iliyoacha kuuzwa mwaka 2014, ina sauti nzuri na nafasi ya hadi GB 160, lakini inahifadhi nyimbo kwenye diski inayozunguka, ambayo kuanguka mara moja sakafuni kunaweza kuiua. Nyimbo haziingii kwa kuburuta folda bali kwa programu kama iTunes. Na betri yake nayo ina umri uleule. iPod Touch ilisimamishwa mwaka 2022. Kwa mtu mzima anayetaka kubonyeza kitufe asikie kisomo, bora simu ya vitufe yenye tundu la kadi, au redio ndogo ya kadi ambayo hahitaji kuivaa masikioni.

Na hapo tunafika kwenye sauti ndogo, ambayo ina sababu mbili ziwezazo kutokea pamoja. Ya kwanza ni ya vyombo. MP4 ndogo ina nguvu kidogo, inaendana na visikizio vya omu 16 hadi 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na vile vikubwa vya studio, vyenye omu nyingi zaidi, vitasikika kwa mbali. Tena nyimbo za zamani mara nyingi zimerekodiwa kwa kiwango cha chini. Programu ya MP3Gain hupandisha kiwango cha faili kwa hatua za desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 1.5 bila kuibana upya, kwa hiyo haipotezi chochote, nawe utazisawazisha nyimbo zote kwa mara moja.

Sababu ya pili ni masikio yenyewe, na hiyo mimi siwezi kuipima kwa barua. Weka visikizio hivyo masikioni mwako, kwa wimbo uleule na sauti ileile. Kama nawe unasikia kwa shida, rudi kwenye vyombo. Kama wewe unaona inakuumiza na mama anaona ni ndogo, usiendelee kumtafutia kifaa chenye kelele zaidi. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa tano. Anayesikiliza mchana kutwa kwa sauti ya mwisho anaumaliza muda huo upesi sana. Mpeleke hospitali achunguzwe masikio. Mara nyingine ni nta tu iliyoziba, inayotolewa kwa dakika chache, na mara nyingine ni usikivu unaopungua kwa umri, ambao unaanzia kwenye sauti nyembamba. Kama ana mvumo sikioni, au sikio moja linasikia kuliko jingine, uliharakishe hilo. Na ikiwa usikivu umeshuka ghafla, ndani ya siku chache, asingojee miadi; aende siku hiyohiyo.